UZI: Kamera ikiwa chini si lazima mhusika awe na nguvu. Tujadili picha inavyosema bila maneno

JichoPembeni (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jambo limenikaa kooni siku nyingi, leo nalitema. Kila anayeanza kujifunza kutengeneza filamu hukutana na orodha ileile. Kamera ikiwa chini, inamwinulia mhusika macho, huyo ana nguvu. Kamera ikiwa juu, huyo mnyonge. Picha ikitikisika, vurugu. Bluu, huzuni. Uso ukijaa skrini, hapo pana hisia. Unakariri, unashika kamera, unapiga. Mimi niliikariri kama jedwali la kuzidisha, na filamu zangu fupi tatu za mwanzo zilizaliwa zimekufa. Kila shoti, yaani kipande kimoja kilichopigwa bila kukatwa, ilikuwa "sahihi" na hakuna mtazamaji aliyehisi kitu.

Ninachodai ni hiki: mbinu za kamera hazina maana ya kudumu kama maneno ya kwenye kamusi. Maana inatoka kwenye vilivyoizunguka shoti, yaani iliyotangulia, inayofuata, kilichoachwa nje ya fremu (mipaka ya picha), na tunachokijua tayari kuhusu mtu tunayemtazama.

Ushahidi wa kwanza ni filamu ya Citizen Kane ya Orson Welles, mwaka 1941. Kane, mhusika mkuu, amegombea ugavana na ameanguka. Usiku ofisi ya kampeni imebaki takataka za makaratasi, na rafiki yake wa siku nyingi anaingia amelewa kumweleza ukweli. Kwa orodha yetu, aliyeshindwa apigwe kutoka juu, aonekane mdogo. Welles na mpiga picha wake Gregg Toland walifanya kinyume kabisa: waliitoboa sakafu ya seti (chumba cha kujengwa cha kupigia picha) ili kamera ishuke mpaka usawa wa viatu. Kane amesimama kama mnara, na dari inaonekana juu ya kichwa chake. Seti nyingi za wakati ule hazikuwa na dari, maana huko juu ndiko zilikokaa taa na maikrofoni. Ya kwao waliitengeneza kwa kitambaa, sauti ikapenya.

Sasa mtazame. Ni mkubwa kweli, lakini ukubwa wake hauna mtu wa kumtawala. Chumba kitupu, dari inambana, na pembeni yuko mtu pekee aliyempenda, naye anaondoka. Pembe hiyohiyo ingewekwa kwenye mkutano wake wa hadhara, watu wakishangilia, ingesema jambo lingine kabisa.

Ushahidi wa pili naupenda zaidi kwa sababu mwongozaji mwenyewe alieleza alichofanya. Sidney Lumet, 12 Angry Men, 1957. Wanaume kumi na wawili wamefungiwa chumba kimoja kuamua kama kijana ana hatia ya mauaji, na karibu filamu nzima haitoki humo. Theluthi ya kwanza aliipiga kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, kwa lenzi pana. Theluthi ya pili, usawa wa macho. Theluthi ya mwisho, chini ya usawa wa macho, kwa lenzi ndefu. Kwa hiyo kadiri hasira zinavyopanda, kuta zinasogea na dari inaanza kuingia kwenye picha. Chumba ni kilekile, lakini unatamani mtu afungue dirisha. Halafu wanapotoka nje mwishoni, akaweka lenzi pana kuliko zote alizotumia na kuipandisha kamera juu kabisa, ili tupumue.

Hapo kamera ya chini inakubana tu. Nguvu haimo. Nawasilisha, karibuni mnikosoe.

Simu_Tu

Mkuu asante, nimekaa pale. Ila mimi ndio naanza, nina simu tu. Hiyo lenzi pana na lenzi ndefu zina tofauti gani, zaidi ya kuleta kitu karibu?

JichoPembeni

Swali zuri, na kulijibu kwa maneno ni tabu, kwa hiyo lifanye kwa mkono. Mwambie mtu asimame. Nyuma yake, hatua kama ishirini, pawe na mti au mlango. Msogelee kwa lenzi pana ya simu mpaka uso ujaze fremu, piga. Kisha rudi nyuma hatua kumi, tumia lenzi ya kuvuta (ndiyo hiyo ndefu) mpaka uso uwe na ukubwa uleule, piga tena.

Linganisha. Uso una ukubwa uleule, lakini mti umehama! Kwenye picha ya kwanza uko mbali, mdogo, na pua ya mtu wako imejitokeza kidogo. Kwenye ya pili mti umemjia mgongoni kama anayenyemelea. Mtu akikimbia kuelekea kamera yenye lenzi ndefu anaonekana anakimbia bila kufika. Kwenye lenzi pana, hatua tatu tu na keshakufikia. Utumie wapi, inategemea unataka tuhisi nini kuhusu safari yake.

MkasiButu

Nakusahihisha kidogo mleta uzi, maana kosa hili linasambaa. Kinachouhamisha mti ni miguu yako. Lenzi haiuhamishi. Umbali kati ya kamera na mtu ndio unaobadilisha uhusiano wake na vya nyuma. Lenzi inaamua tu kipande gani cha mandhari ukate. Ukisimama palepale ukavuta tu, mti unakua pamoja na uso kwa kiwango kilekile, hakuna kinachosogeana.

Kwa anayeanza hii ni muhimu, kwa sababu wengi husimama sehemu moja wakivuta na kurudisha, kisha wanashangaa picha zote zina ladha moja. Tembea.

JichoPembeni

Nimekubali, nimeandika kwa haraka. Ndiyo maana ile shoti maarufu ya Hitchcock kwenye Vertigo ya 1958, ngazi zikionekana kurefuka chini ya miguu, inatumia yote mawili kwa pamoja: kamera inakwenda upande mmoja, lenzi inavuta upande wa pili. Vya mbele vinabaki na ukubwa wake, vya nyuma vinanyumbuka. Tumbo la mtazamaji linageuka.

MkasiButu

Sasa nami niingie na la kwangu, maana mmeongea kamera tu kama vile filamu inaisha ikishapigwa. Mimi ni mhariri. Kazi yangu ni kukata.

Miaka mia moja hivi iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov alichukua shoti ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia usio na chochote, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha uso uleule na maiti kwenye jeneza, kisha uso uleule na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walisifu uigizaji: ona njaa ile, ona majonzi yale, ona tamaa ile! Uso ulikuwa mmoja. Filamu yenyewe haikusalia, na hata walioisimulia hawakuafikiana picha zilikuwa zipi hasa, kwa hiyo msiipokee kama jaribio la maabara. Lakini yeyote aliyekaa kwenye meza ya uhariri anajua jambo lenyewe ni kweli, kwa sababu hulifanya kila siku.

La kwangu: nilihariri filamu fupi kuhusu mtoto anayerudi nyumbani baada ya mazishi ya baba yake asiyepatana naye. Mwigizaji alilia vizuri sana, teki nne, yaani mara nne za kupigwa tukio lilelile, machozi ya kweli. Zote zikachosha. Mwishowe nikatazama mabaki, vile vipande vya baada ya mwongozaji kusema "kata" huku kamera bado inazunguka. Pale kijana amechoka, ametazama pembeni, anangoja kuambiwa kama arudie. Sekunde tatu hivi. Nikaziweka baada ya shoti ya viatu vya marehemu mlangoni. Chumba kizima kikanyamaza. Watu walimpongeza kwa tukio hilo, na yeye hakuwa anaigiza! Alikuwa anasubiri chai.

Tena na urefu wa kipande ni maana. Kwa kawaida filamu ina fremu 24, yaani picha moja moja zisizosogea, kwa sekunde. Fremu sita tu, robo ya sekunde, zinaweza kutofautisha "alishtuka" na "alifikiri kwanza". Mtu anaulizwa "ulikuwa wapi?" Ukimkatia ajibu papo hapo, anasema kweli. Acha sekunde moja na nusu ya ukimya kabla ya jibu lilelile, na umemfanya mwongo. Mwigizaji hajui, mwandishi hajui. Ni mimi na mkasi wangu butu.

Mzee wa Stori

Jamani naona mnazidisha chumvi. Mtazamaji wa kawaida anakaa kutazama hadithi. Hajui lenzi, hajui fremu sita. Nimetazama muvi miaka arobaini na sijawahi kusema "aah, kamera imeshuka". Stori ikiwa nzuri, hata ukipiga kwa kamera ya mlangoni watu watalia.

JichoPembeni

Mzee shikamoo. Nakubali nusu. Mtazamaji haoni kamera ikishuka, na akiiona mara nyingi ni kwamba tumekosea. Lakini kutoona si kutohisi.

Ngoja nikupe aibu yangu mwenyewe. Filamu yangu ya pili ilikuwa na ndugu wawili wanagombania barua ya mama yao, wamekaa mezani, mmoja kushoto mmoja kulia. Kanuni ni kwamba uchore mstari wa kufikirika kutoka pua ya huyu hadi pua ya yule, kisha ubaki upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Ukikaa upande huo, mkubwa atatazama kulia kwa skrini na mdogo atatazama kushoto, hata kama kila mmoja yuko peke yake kwenye shoti, na akili inawaunganisha kuwa wanatazamana.

Mchana mwanga wa dirishani ukahama. Upande wa pili ukawa unapendeza zaidi, nikahamisha kamera nikampiga mdogo kutoka huko. Picha nzuri kweli, ilinivimbisha kichwa. Kwenye uhariri, ndugu wote wawili wanatazama kulia. Maneno yaleyale, waigizaji walewale, hasira ileile, lakini sasa wanaonekana wanagombana na mtu asiyeonekana. Kwenye onyesho la kwanza mtazamaji mmoja, asiyejua lolote kuhusu mistari, akaniuliza: "Yule wa tatu waliyekuwa wanamfokea ni nani?"

Hakuniuliza kuhusu kamera, aliniuliza kuhusu stori. Ndipo nilipojua kwamba hadithi niliyoiandika na hadithi aliyoiona zilikuwa mbili tofauti.

Mzee wa Stori

Marahaba. Hiyo ya mtu wa tatu imenichekesha. Lakini bado nasema hadithi mbovu haiokolewi na lenzi.

JichoPembeni

Hapo hatugombani kabisa.

MkasiButu

Kwa wasomaji: tatizo hilo lina dawa. Piga shoti ambayo kamera yenyewe inavuka mstari tukiiona, au katikati weka kitu kisicho na upande, kama mkono juu ya barua, halafu ibukia ng'ambo. Na wapo wanaovuka makusudi. Yasujiro Ozu wa Japani aliuvuka mara kwa mara, kwenye Tokyo Story ya 1953 na kwingineko, na watu wanamfuata vizuri kwa sababu utulivu wake haubadiliki: kamera chini karibu na sakafu, haina haraka, na watu wamekaa mahali palepale kwenye fremu. Mtazamaji ameshaizoea lugha yake. Ni tofauti na kuvuka kwa bahati mbaya kwa sababu dirisha lilipendeza 😂

SikioKuu

Nimesoma uzi wote, hakuna aliyetaja sauti. Kawaida yetu.

Mnakumbuka Fritz Lang, filamu ya M, 1931? Sauti kwenye sinema bado ni ngeni, na ndiyo filamu yake ya kwanza ya kuongea. Wengine walikuwa wanajaza maneno kila mahali kama mtoto aliyepewa filimbi. Yeye akafanya hivi: mama anamsubiri binti yake Elsie arudi kutoka shule, chakula kiko mezani. Muda unapita. Mama anaita jina la mtoto, na wakati sauti inaita, picha inatuonyesha ngazi zisizo na mtu. Inaita tena, tunaona chumba cha darini cha kuanikia nguo, hakuna mtu. Inaita, tunaona kiti kitupu na sahani yake. Kisha ukimya. Mpira wa mtoto unabingirika kutoka vichakani unasimama. Puto lake limenasa kwenye nyaya, kisha upepo unalichukua.

Hakuna kisu, hakuna damu, hakuna kilio. Muuaji mwenyewe tumeona kivuli chake na kusikia mluzi wake. Na mluzi huo ndio unaokuja kumkamatisha, kwa sababu anayemtambua ni muuza maputo kipofu. Kwenye filamu ambayo kila mtu ana macho, anayeona ni asiyeona. Hilo huwezi kuliandika kwa kamera peke yake.

Chukueni shoti ile ya kiti na sahani muiweke bila sauti ya mama: ni samani. Weka sauti: ni mtoto aliyekufa.

Ushauri kwa Simu_Tu: ukimaliza kupiga mahali popote, waambie watu wote wanyamaze na urekodi nusu dakika ya chumba kitupu. Kila chumba kina ukimya wake, jokofu, upepo, barabara ya mbali. Usiporekodi, kila unapokata maneno sauti itazimika ghafla kama taa, na mtazamaji atatoka kwenye hadithi bila kujua nini kimemtoa.

Mzee wa Stori

Hiyo ya kiti na sahani nimeielewa. Endeleeni.

Simu_Tu

Na mwanga je? Sina taa hata moja.

JichoPembeni

Una dirisha. Msogeze mtu wako karibu, upande mmoja wa uso upate mwanga, mwingine giza, kisha mzungushe polepole utazame anavyobadilika. Somo la mwanga linaanza na kujua unachotaka kuficha. Kwenye The Godfather ya 1972, mpiga picha Gordon Willis alimwekea Marlon Brando taa juu ya kichwa, kivuli kikaangukia kwenye macho. Wakubwa wa studio walizoea macho ya nyota yaonekane! Lakini mtu ambaye huoni macho yake huwezi kujua anawaza nini, na hapo ndipo hofu ilipo.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Hakuna rangi yenye maana mpaka filamu yako uipe.

Kabatini

Naomba niongeze kuhusu vitu, maana ndiyo kazi yangu kwenye seti. Kwenye La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966, kuna kinyago kimoja. (Kwa ambao hawajaitazama, ruka aya hii.) Diouana, msichana wa kazi kutoka Dakar, anawapa mabosi wake kama zawadi. Pale Dakar kinakaa kati ya vinyago vingine, ni pambo tu. Anapopelekwa Ufaransa akidhani ameitwa kulea watoto, anajikuta mtumishi wa jikoni, na kinyago kile kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe. Kama yeye. Baadaye anakidai, wanakivutana na mama mwenye nyumba. Mwisho, baada ya kifo chake, bosi anakirudisha kwao, na mvulana mdogo anakivaa usoni na kuanza kumfuata yule bwana, hatua kwa hatua, mpaka bwana anakimbilia garini.

Zawadi, pambo, mtu, kesi, kisha hukumu. Ni kitu kilekile, ubao uleule, hakuna aliyekielezea. Tena Diouana mwenyewe karibu haongei. Tunasikia mawazo yake tu, na waliomzunguka hawayasikii.

JichoPembeni

Kabatini umenikata maneno. Hiyo ndiyo hoja yangu niliyoshindwa kuisema vizuri kule juu. Kinyago kingekuwa kwenye kamusi, kingeandikwa "kinyago = utamaduni", basi.

Simu_Tu

Wakuu nimerudi. Nimefanya mazoezi wikendi hii. Dada yangu kakaa mezani anasubiri simu ya mtu, haipigwi. Nimempiga namna tatu: kutoka juu, usawa wa macho, na kutoka chini.

Kutoka juu nilitegemea aonekane mnyonge. Ameonekana kama mtu anayefanya mtihani. Kutoka chini ndiyo nimeshangaa, ameonekana ana hasira, ingawa nilimwambia asifanye chochote. Kisha nikaweka shoti ya simu iko mezani, kioo cheusi. Sekunde mbili haikusema kitu. Nikairefusha hadi sekunde sita na sauti ya saa ya ukutani, nikajikuta nami naisubiri ipigwe.

Swali: baada ya hiyo simu nirudi kwenye uso wake au nisirudi?

SikioKuu

Saa ya ukutani umeitoa kwenye chumba kilekile?

Simu_Tu

Ndiyo, nilirekodi chumba kitupu kama ulivyosema. Nikaikuta saa humo, hata sikujua ilikuwa inasikika.

MkasiButu

Uweke uso, utazame mara moja. Kisha utoe, utazame tena kesho asubuhi. Usipoukumbuka, usiurudishe.

Simu_Tu

Nimeutoa. Dada ametazama, ameniuliza mbona mwishoni sura yake haipo.